Maneno ya Mwendo na Malisho

Msomaji, jina la mahali huweza kukufunza mambo mengi ya kale. Itazame Bomeni, katika mji wa Taveta, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania. Ndani ya jina hilo mna neno boma, nalo lina maana kadha: ua wa kuzuilia mifugo, tena ngome, na katika zama za ukoloni likawa pia jina la makao ya mkuu wa wilaya. Neno moja lilimtosha ng'ombe na serikali.

Basi tuyatazame na maneno ya malisho. Kulisha ni kumpa mnyama chakula. Kuchunga ni kumwongoza majanini na kumlinda. Wenyeji wa Mombasa, katika Kimvita, walisema kutunga mahali ambapo Waunguja walisema kuchunga, kama walivyosema tini kwa chini. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Ndiyo sababu vitabuni twasoma mchungaji wa mbuzi, naye mtungaji ni yule wa mashairi. Usimcheke, basi, mzee asemaye kwa lahaja yake. Hakukosea.

Maneno ya mwendo nayo yana mizani yake. Kutembea hakuna lawama. Kutangatanga ni kwenda huku na huku kama aliyepotea. Kuzurura ni kwenda ovyo pasipo kazi, nalo ni neno la kushutumu. Lakini kuhamahama, kwa mfugaji wa nyika, ni kazi yenye akili: hufuata maji na majani kwa majira yake.

Serikali ya kikoloni haikupambanua hivyo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika wa Kenya alilazimishwa kuchukua kipande, na aliyekutwa njiani bila hicho aliweza kushikwa. Mwaka 1948 ikaanzishwa Hifadhi ya Tsavo, na sehemu kubwa ya nyika iliyo karibu na Voi ikafungwa kwa mifugo. Mwendo uliokuwa kuchunga ukaitwa kosa.

Kwa hiyo, usomapo katika kitabu cha kale kwamba watu fulani walikuwa wakizurura, jiulize kwanza: ni nani asemaye hivyo? Huenda watu hao walikuwa na ng'ombe mbele yao, nao walijua vema waendako.