Mwani wa Mtoni na Sumu ya Migodi

Wakulima wa kahawa wanaujua mrututu, ile chumvi ya shaba ya rangi ya buluu inayopulizwa kuzuia kutu ya majani. Mwaka 1904 wataalamu wawili wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, George Moore na Karl Kellerman, walionyesha kuwa mrututu kidogo tu ukitiwa kwenye bwawa la maji ya mji unaua mwani. Kwamba madini na mwani havipatani, basi, lilijulikana mapema. Kuligeuza swali ndiko kulikochelewa: mwani uliobaki hai mtoni unatwambia nini kuhusu madini yaliyomo?

Ujerumani nako, Richard Kolkwitz na Maximilian Marsson walichapisha mwaka 1908 orodha ya mimea ya majini kulingana na uchafu inaoustahimili. Uchafu wenyewe, hata hivyo, ulikuwa hasa majitaka.

Mwaka 1948 Ruth Patrick aliongoza kikosi cha wanasayansi kuukagua mto Conestoga, Pennsylvania. Yeye mapenzi yake yalikuwa diatomu, mwani usioonekana kwa macho, wenye gamba la silika lililonakshiwa kama kazi ya sonara. Alibuni kifaa chepesi: kisanduku chenye vipande vya kioo, kinachoachwa kikielea mtoni hadi diatomu zijishikize. Kisha vioo hupelekwa kwenye hadubini na aina huhesabiwa. Maji yaliyochotwa kwa chupa Jumatatu hayaonyeshi kilichomwagwa Jumamosi usiku. Diatomu zilikuwepo siku zote mbili. Penye madini mengi, baadhi ya magamba huota yamepinda.

Uthibitisho ninaouona mzito zaidi ulitoka kaskazini mwa Uingereza, kwenye vijito vya migodi ya kale ya risasi na zinki. Katika miaka ya 1970 Brian Whitton wa Chuo Kikuu cha Durham na wanafunzi wake waligundua kuwa mwani *Stigeoclonium tenue* wa vijito vyenye zinki huistahimili kuliko ndugu yake wa maji safi. Kumbe jina la mwani peke yake halitoshi. Lazima ujue umekulia wapi.

Maabara bado inahitajika, maana diatomu hazitaji miligramu. Ila Geita na Migori, ambako wachimbaji wadogo hunasa dhahabu kwa zebaki, wasimamizi wa mito wangeanza na vioo, hadubini nzuri na vijana waliofundishwa kutambua diatomu.