Waya wa Nyuzi Tatu: Jinsi Kompyuta za Zamani Zilivyopokezana Kazi

Mwaka 2006, yaani mwaka uleule ambao Mkoa wa Cyangugu uliondolewa katika ramani ya utawala na Wilaya ya Rusizi ikaanza, tulikabidhiwa kompyuta kuukuu ya mzee wetu wa kazi aliyetangulia mbele ya haki. Mjane wake hakutaka iuzwe kabla ya kazi zilizomo kutolewa. Mlikuwa na mazoezi ya ngeli, mitihani ya miaka kadhaa na, lililo kubwa, orodha ya maneno ya Kiswahili yasemwayo Kamembe na Bugarama, kila neno na maana yake kwa Kinyarwanda. Hapakuwa na nakala nyingine popote. Tundu la disketi lilikuwa limeharibika zamani, printa haikuwapo, na mashine yenyewe ilitengenezwa kabla ya hivi vijiti vya kuhifadhia kazi ambavyo watu huvining'iniza shingoni. (Wenzetu wengine husema tarakilishi, wengine ngamizi, sisi tumeshika kompyuta, ambayo hata wauza sambaza wa Kamembe huielewa.)

Tuliibeba tukavuka daraja la Rusizi hadi Bukavu kwa fundi. Aliiwasha, akaisikiliza kidogo, kisha akasema kwa Kiswahili chao cha Kivu: "Mwalimu, hii mashini haiyakufa. Inakosa tu mutu wa kusema naye." Akatuuzia kipande cha waya na vichwa viwili vya kuchomekea.

Kauli hiyo ndiyo iliyotutia hamu ya kuyachunguza mambo haya, kwa maana habari za kompyuta kuongea aghalabu husimuliwa kana kwamba zilianza na intaneti. Sivyo. Milango ya nyuma ya kompyuta nyingi za siku zile ilifuata kanuni iitwayo RS-232, iliyotolewa Marekani mwaka 1960 kwa ajili ya kuunganisha mashine na modemu, yaani kile chombo kigeuzacho herufi kuwa sauti za simu. Baadaye watu walitambua kwamba modemu yaweza kuachwa kabisa, mashine mbili zikakabiliana, mradi uzi wa kusemea wa moja uingie katika uzi wa kusikilizia wa nyingine. Nyuzi tatu zatosha: wa kusema, wa kusikia na wa ardhi.

Hapo ndipo tulipopotea siku nzima. Mashine ya marehemu ilikuwa na mlango wa pini 25, yetu ulikuwa wa pini 9. Tulipishanisha pini ya 2 na ya 3, kioo kikabaki kitupu. Kumbe katika mlango wa pini 25 namba 2 ndiyo husema, na katika ule wa pini 9 namba 2 ndiyo husikia. Waliozibuni walikwisha kuzipishanisha; nasi kwa kupishanisha tena tulikuwa tumewakabilisha msemaji na msemaji, msikilizaji na msikilizaji. Tuliunga 2 kwa 2 na 3 kwa 3, na herufi ya kwanza ikatokea.

Lakini kusikia si kuelewa, jambo ambalo mwalimu yeyote wa imla analijua. Mwaka 1977 Ward Christensen wa Chicago alitunga utaratibu uitwao XMODEM: kazi hukatwa vipande vya herufi 128, kila kipande kikafuatwa na jumla ya kukihakiki. Msikilizaji akiona jumla haikubaliani, huomba kipande kirudiwe. Mwaka 1981 Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kikatoa utaratibu wa Kermit, uliopewa jina la chura wa vikaragosi vya televisheni, nao ulikusudiwa hasa kwa mashine zisizofanana. Bahati yetu ni kwamba Windows 3.1 ya marehemu na Windows XP yetu zote zilikuwa na programu yenye kuijua Kermit. Hatukuhitaji kuingiza chochote katika mashine isiyokuwa na tundu. Mwendo ulikuwa biti 9,600 kwa sekunde, yaani herufi zipatazo 960. Kwa mwendo huo disketi moja iliyojaa huchukua si chini ya dakika 25.

Utaratibu wa namna hiyo, simu ikichukua mahali pa waya, ndio ulioifungulia Afrika Mashariki mlango. Tulichelewa kwa sababu zetu. Tanzania, kwa mfano, ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Kwingineko, mwaka 1984, Tom Jennings wa San Francisco alibuni FidoNet, ambamo kompyuta ya nyumbani hupiga simu usiku, bei ikiwa chini, ikakabidhi furushi la barua na mafaili kwa nyingine, nayo ikalipeleka mbele, kituo kwa kituo kama misafara ya Tabora. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Charles Musisi aliendesha kituo cha FidoNet katika Chuo Kikuu cha Makerere. Nairobi palikuwa na NGONET kwa ajili ya mashirika yasiyo ya serikali, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikawa na mradi wa ESANET wa kuviunganisha vyuo vya Afrika ya Mashariki na Kusini. GreenNet ya London ilikuwa lango la kutokea nje. Hata anga ilitumika: setilaiti UoSAT-3 ya Chuo Kikuu cha Surrey, iliyorushwa Januari 1990, ilipokea barua za madaktari ilipopita juu ya kituo kimoja na kuzitua ilipofika juu ya kingine.

Kwetu sisi, disketi iliyofungwa ndani ya nailoni na kuvushwa mto katika mfuko wa shati ndiyo mtandao tulioujua.

Turudi kwenye kazi yetu. Mitihani ilifika, mazoezi ya ngeli yakafika. Umeme ulikatika mara mbili, tukaanza upya. Alasiri tukaigeukia orodha, ambayo marehemu aliigawa faili moja kwa kila herufi. A mpaka N zilikuja salama. Kuanzia P mashine yake ilianza kusitasita, na ilipofika S ikaandika kwamba haiwezi kusoma. Waya haukuwa na kosa. Sahani ya ndani ndiyo iliyokuwa imeliwa. Tulijaribu mara saba, kisha siku ya pili, kisha tukamrudishia mjane mashine yake pamoja na nakala ya karatasi ya vilivyookolewa.

Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, nusu ile ya kwanza ndiyo tuliyoingia nayo darasani. Maneno ya S mpaka Z tunayakusanya upya kwa kuwauliza wazee wa Bugarama, na mpaka tunapoandika makala haya tumo katika herufi V.