Kizuizini

Kwa dereva wa Ganako, kizuizi ni kile cha lango la Loduare: anaonyesha kibali, kinainuliwa, anapita kwenda kreta ya Ngorongoro. Ongeza -ni, upate kufungiwa bila hukumu, basi hakuna ajuaye kitainuliwa lini.

Mwanasiasa Oginga Odinga wa Kenya, aliyesemwa kuwa kibaraka wa wakomunisti, aliwekwa kizuizini Oktoba 1969, chama chake cha KPU kikapigwa marufuku, naye akatoka 1971. Abdilatif Abdalla, mfuasi wa KPU, yeye alikuwa mfungwa: mwaka huohuo wa 1969 alihukumiwa miaka 3 kwa sababu ya waraka wake, *Kenya: Twendapi?* Angalau siku zake zilihesabika. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekamatwa mwishoni mwa 1977, hakufikishwa mahakamani hata mara moja. Aliachiwa Desemba 1978, lakini kazi yake Chuo Kikuu cha Nairobi hakurudishiwa. Adhabu hii ya pili haina neno zuri; “orodha nyeusi” linanuka tafsiri.

Tusiwacheke majirani. Tanganyika ilitunga sheria yake ya kizuizini mwaka 1962, na Abdulrahman Babu, waziri wa zamani na Mmarx wa kweli, alikaa ndani kuanzia 1972 hadi 1978, katika nchi ya Ujamaa.