Majina ya Kwanza Mezani: Jinsia na Mialiko ya Makongamano

Mwaka 2014 Arturo Casadevall na Jo Handelsman walichapisha uchunguzi wa vikao 460, vyenye wazungumzaji 1,845, katika mikutano miwili mikubwa ya Chama cha Mikrobiolojia cha Marekani. Kikao kilichokuwa na angalau mwanamke mmoja miongoni mwa waandaaji kilikuwa na uwiano wa wazungumzaji wanawake uliozidi kwa asilimia 72 ule wa vikao vilivyoandaliwa na wanaume watupu. Uhusiano huo peke yake hautoshi kuthibitisha chanzo. Hata hivyo, unatuonyesha pa kutazama: kwenye kamati ya maandalizi, miezi mingi kabla ya kongamano, majina yanapotajwa kwa mara ya kwanza.

Hapo mjumbe humtaja aliyesoma naye, mwingine aliyemsimamia tasnifu, mwingine mwenyeji wake wa safari iliyopita. Hakuna aliyekusudia kumbagua mtu. Orodha ikishajaa ndipo mmoja huuliza, “Na wanawake je?”, wakati nafasi iliyobaki ni ya kuongoza kikao cha alasiri au kutoa neno la shukrani. Waliowahi kukaa kwenye kamati za makongamano yetu Afrika Mashariki wanaijua hali hii.

Wanaotetea orodha kama hizo husema sifa ndiyo kigezo. Sawa, lakini kimeandikwa wapi? Makala za kongamano mara nyingi hupitiwa na wasomaji wasiojua mwandishi ni nani. Mzungumzaji mkuu hupatikana kwa kukumbukwa tu. Anayejali sifa kwa dhati angedai vigezo viandikwe kabla ya jina lolote kutajwa.

Utetezi wa pili, kwamba wanawake huitwa wakakataa, unastahili kujibiwa kwa makini zaidi, maana una ushahidi. Katika kongamano la wanabaiolojia wa mageuko barani Ulaya mwaka 2011, wanawake walielekea zaidi kukataa mialiko kuliko wanaume. Lakini Christine Nittrouer na wenzake, waliochunguza mihadhara 3,652 katika vyuo vikuu 50 vya Marekani, walionyesha mwaka 2018 kwamba wanawake hawakukataa zaidi, na bado wanaume ndio waliopewa nafasi zaidi. Kukataa, basi, hutegemea mazingira. Mhadhiri anayenyonyesha, aliyepata barua wiki tatu kabla, bila nauli ya mlezi wa mtoto, amekwisha kukataliwa na bajeti.

Chama kile cha mikrobiolojia hakikungoja kizazi kipya. Kamati ya programu ilionyeshwa takwimu zake yenyewe, wanawake wakaongezwa miongoni mwa waandaaji, na ikaagizwa kuepuka vikao vya wanaume watupu. Katika mkutano mkuu wa 2015, wanawake walitoa asilimia 48.5 ya mawasilisho ya mdomo.

Vyama vyetu vya kitaaluma, vya Kiswahili vikiwemo, vinaweza kuyafanya hayo kwenye kongamano lijalo. Ratiba isipitishwe kabla mwenyekiti hajaeleza kwa maandishi kila jina lilipatikanaje, na bajeti iwe na fungu la malezi ya watoto kama ilivyo na fungu la chai.