Somo la Historia: Gurudumu la Chuma Katika Mlima wa Mgololo

Ninyi mlioko Mlimba, Mgololo na Makambako, somo la leo ni lenu zaidi, kwa maana tutasoma habari za kitu mnachokisikia kila treni ipitapo: gurudumu la chuma.

Reli ya TAZARA ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba. Kazi ilianza mwaka 1970, na mwaka 1975 njia ikakamilika, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Kipande kilichowatoa jasho wajenzi ni kile cha Mlimba mpaka Makambako, ambacho Mgololo imo ndani yake. Hapo njia hupanda zaidi ya mita 1,000, tena mahandaki mengi ya njia nzima yako hapo.

Sasa litazameni gurudumu. Kwa ndani lina ukingo unaolizuia lisitoke relini. Magurudumu mawili hukazwa katika ekseli moja, yakazunguka pamoja. Penye kona kali ukingo husugua reli, na chuma hula chuma. Penye mteremko breki hubana, gurudumu likapata moto. Breki ikishika mno, gurudumu huburutwa bila kuzunguka, likafanya bapa.

Watu wa zamani waliiona hasara hii. Wakatengeneza gurudumu kwa vipande viwili: kiini, na pete ya chuma iliyopashwa moto, ikatanuka, ikavikwa, kisha ikapoa na kubana. Pete ikilika, hubadilishwa hiyo tu. Lakini pete za kwanza zilikuwa na kiungo, na ziliweza kukatika pale pale. Katika miaka ya 1850 Mjerumani Alfred Krupp alipata njia ya kufanya pete isiyo na kiungo. Mwaka 1875 kampuni yake ikachukua pete tatu kuwa alama yake. Wako wanaodhani ni midomo ya mizinga, maana Krupp aliuza mizinga pia. Sivyo, ni pete za magurudumu. Jina hilo likafika mlimani kwetu: injini za kwanza kutoka China zilipata taabu katika mpando, na mwaka 1983 TAZARA ikaleta injini za Krupp kutoka Ujerumani Magharibi.

Siku hizi magurudumu mengi ni kipande kimoja, basi yapasa kulitunza lote. Likilika, hupelekwa karakana kukerezwa mpaka lirudi umbo lake. Hapa ndipo fedha hupotea. Ukingo uliokonda hauwezi kuongezwa chuma. Fundi hana budi kuukata uso wa gurudumu chini sana ili ukingo upate unene tena, na gurudumu la pili la ekseli ile hukatwa vile vile, hata kama ni zima, ili yawe sawa. Kila kukereza gurudumu hupungua. Likifika kipimo cha mwisho hutupwa. Kwa hiyo afadhali kukereza kidogo mapema kuliko kungoja. Tena grisi penye kona ni rahisi kuliko gurudumu jipya.

Kazi ya juma hili: simama mbali na njia, usikilize treni. Mlio mwembamba penye kona ni ukingo usuguao reli. Mgongo unaorudi kila mzunguko ni bapa. Andika sentensi tano juu ya uliyoyasikia, umsomee mwalimu wako.