Miti Myeusi ya Karura

Ukifungua simu Jumapili usiku, lazima ukutane nayo: miti mirefu ya Karura, myeusi tii, na mbingu ya rangi ya machungwa nyuma yake. Kuipiga si ngumu. Unasimama mti ukiwa kati yako na jua, unagusa mbingu kwenye skrini, simu inapima mwanga wa huko juu, basi. Majani yanapotea, gome linapotea, linabaki umbo tu.

Shida ni kwamba historia ya msitu huu iko kwenye hayo yanayopotea.

Ule mti mwembamba ulionyooka kama mlingoti, unaopendwa na kamera kuliko yote, mara nyingi ni mkaratusi. Kwao ni Australia. Uliletwa Kenya mwaka wa 1902, reli ikiwa imefika Ziwa Victoria juzi tu, kwa sababu injini za mvuke zilikuwa zinakula kuni na wakoloni walitaka mti unaokua haraka. Urefu tunaousifu ulianza kama hesabu ya kuni. Karibu nao unaweza kupata muhugu, mzaliwa wa hapa, unaokua polepole na wenye mbao ngumu ambazo wachongaji wanazitafuta sana. Kwenye picha, mgeni na mwenyeji wana rangi moja.

Karura ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka wa 1932. Lakini tangazo peke yake halilindi mti. Miaka ya 1990, vipande vyake viligawiwa watu binafsi kimyakimya, ati wajenge. Si ajabu: shamba lililo kati ya Muthaiga, Gigiri na Runda halikosi wa kulimezea mate. Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement walikuja na miche. Tarehe 8 Januari 1999, walipojaribu kupanda mti langoni, kundi la wanaume lililokodiwa liliwavamia. Maathai alipasuliwa kichwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani, wakakutana na polisi. Agosti mwaka huo, Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Miaka mitano baadaye, Maathai akapata Tuzo ya Nobel ya Amani.

Wengi wetu tunaoingia Karura na simu leo tulikuwa hatujazaliwa, ama tulikuwa bado kwenye nepi. Tunalipa kiingilio, tunatembea, tunapiga, ni kama msitu ulikuwa hapo tu siku zote, na utakuwepo tu.

Picha nyeusi ni tamu, hakuna anayekukataza. Ila ukishaipata, zunguka upande wenye jua upige nyingine, gome lionekane. Uliza huo mti unaitwaje na ni nani aliupanda. Halafu andika hilo jina chini ya picha, badala ya zile emoji tatu.