Ramani ya Seli na Dereva wa Huntsville

Kwa miongo mingi, aliyetaka kujua protini fulani inakaa wapi ndani ya seli alilazimika kwanza kuiua seli hiyo kwa kemikali, kisha kuipaka rangi. Alichokiona kwenye hadubini kilikuwa picha ya maiti. Makazi yalijulikana, safari haikujulikana.

Njia ya kuiona safari ilipatikana kwa mtu ambaye hakuwa akiitafuta. Mwaka 1961 Osamu Shimomura, Mjapani aliyeshuhudia bomu la Nagasaki akiwa kijana, alivua yavuyavu wapatao 10,000 huko Friday Harbor, Marekani, akitaka tu kujua kwa nini viumbe hao wa baharini hutoa mwanga. Pamoja na alichokitafuta, alikuta protini nyingine inayong'aa kijani, akaitaja kwa maneno machache katika makala ya 1962. Sijui kamati gani ya bajeti, iwe ya kule au ya kwetu, ingeidhinisha fedha kwa hoja kama hiyo.

Wala sisemi kwa mzaha. Douglas Prasher, mtafiti wa Woods Hole, aling'amua kwamba jeni ya protini hiyo ikiunganishwa na jeni ya protini nyingine, hiyo ya pili itatembea ndani ya seli hai ikiwa imebeba taa yake. Aliomba ruzuku ya serikali, akanyimwa. Kwa fedha kidogo za shirika la saratani aliichambua jeni hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 1992. Fedha zikaisha, akaacha kazi hiyo. Nakala za jeni aliwapa Martin Chalfie na Roger Tsien. Mwaka 1994 Chalfie alionyesha taa hiyo ikiwaka ndani ya bakteria na mnyoo. Tsien akaiongezea mng'ao na rangi.

RNA ilihitaji hila zaidi. Mwaka 1998 maabara ya Robert Singer ilipachika kwenye RNA ya hamira vipande vinavyonaswa na protini ya kirusi, nayo protini hiyo ikavalishwa taa ya yavuyavu. RNA ikaonekana ikisafiri kutoka seli mama hadi kwenye chipukizi lake.

Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2008 ilikwenda kwa Shimomura, Chalfie na Tsien. Kanuni hairuhusu zaidi ya watu watatu. Prasher alikuwa akiendesha gari la kusafirisha wateja wa duka la magari mjini Huntsville, Alabama. Wapo wanaosema aliibiwa. Siafiki: Chalfie na Tsien walimtaja hadharani, wakamgharimia safari ya Stockholm, na miaka michache baadaye Tsien alimwajiri katika maabara yake. Waliomnyima ruzuku ndio ambao hatuwajui kwa majina.